Namna ya kupima mitazamo inayoshindana kuhusu mazingira na maendeleo: mfano wa makaa ya mawe Lamu

Mwongozo huu unamlenga mtu ambaye, iwe kwa kazi yake au kwa sababu tu ya mahali anapoishi, analazimika kutoa maoni kuhusu mradi mkubwa unaogusa ardhi, bahari au hewa: mwanafunzi wa sayansi ya jamii, mwandishi wa habari, kiongozi wa wavuvi, mwakilishi wa wadi, au mkazi aliyeitwa barazani. Mtu huyo hukuta mjadala umekwisha kufungwa katika pande mbili, mazingira huku na maendeleo kule, na anatakiwa achague upande. Sishauri achague hivyo. Katika migogoro ya namna hii kila upande huja na mazingira yake unayotaka kuyalinda na maendeleo yake unayoyatamani, na maswali yenye manufaa ni nani anapata nini, nani anabeba mzigo, kwa muda gani, na nani aliulizwa kabla uamuzi haujafanywa.

Njia ya kuuliza maswali hayo nitaionyesha kwa mgogoro mmoja, ule wa mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa Kwasasi, katika kaunti ya Lamu nchini Kenya. Nimeuchagua kwa sababu ulifika mahakamani, hoja zake zikawekwa kwenye kumbukumbu, na karibu kila mtazamo wa kijamii unaojulikana katika mijadala ya maendeleo endelevu ulipata msemaji wake.

Anza na mradi wenyewe

Kabla ya kusikiliza nani anaunga mkono na nani anapinga, andika kwa maneno yako mradi ni kitu gani. Watu wengi huruka hatua hii, kisha hubishana juu ya mambo mawili tofauti bila kujua. Kwa Lamu, maelezo ya msingi ni haya. Kampuni ya Amu Power, iliyoundwa na wawekezaji wa Gulf Energy na Centum, ilikusudia kujenga mtambo wa megawati 1,050 kwenye bara, upande wa kaskazini wa kisiwa cha Lamu, kwa gharama ya takriban dola bilioni 2. Makaa yangeagizwa kwanza kutoka nje, Afrika Kusini ikitajwa, na baadaye yangechimbwa katika bonde la Mui, kaunti ya Kitui. Mamlaka ya kitaifa ya mazingira, NEMA, ilitoa leseni mwezi Septemba 2016. Shirika la Save Lamu pamoja na wakazi walikata rufaa, na tarehe 26 Juni 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira, inayojulikana kwa herufi NET, iliifuta leseni hiyo. Mwezi Novemba mwaka huohuo Benki ya Maendeleo ya Afrika ilijitenga na ufadhili wa mradi, na mwaka 2020 benki ya Kichina ya ICBC nayo ikajiondoa.

Maelezo ya aina hii yakikaa katika aya moja, yanakulazimisha kuona unachokijua na usichokijua. Angalia pia vitu ambavyo mradi unavihitaji ili ufanye kazi, kwa kuwa mara nyingi madhara yamo humo zaidi kuliko kwenye jengo lenyewe. Mtambo wa makaa ya mawe unahitaji gati ya kushushia makaa, uwanja wa kuyarundika, maji mengi ya kupoza mashine ambayo hurudishwa baharini yakiwa na joto, na shimo la kutupia jivu. Jivu hilo huwa na chembechembe za zebaki, aseniki na risasi, na linabaki pale muda mrefu baada ya mtambo kuzimwa.

Watafute watu kwa kile watakachopata au kupoteza

Kosa la kawaida ni kuwagawa watu kwa majina ya jumla: serikali, wawekezaji, wenyeji, wanaharakati. Majina hayo yanaficha zaidi ya yanavyoonyesha. Neno wenyeji, kwa mfano, halina msemaji mmoja popote pale, na Lamu ilionyesha hivyo waziwazi. Vijana wa Hindi na Mokowe, miji midogo ya upande wa bara wa kaunti, waliotaka kazi za ujenzi walikuwa wenyeji. Wakulima wa Kwasasi waliokuwa na mashamba katika eneo la mradi na kungojea fidia walikuwa wenyeji. Wavuvi wa Lamu, Pate na Manda walikuwa wenyeji, na vivyo hivyo wakata boriti wa mikokoni, mafundi wa majahazi, wenye nyumba za wageni katika mji wa kale, na wazee waliohofia kwamba moshi na wimbi la wageni vingebadilisha mji ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Mtu anayesema kwamba wenyeji waliutaka mradi anasema kweli, na anayesema kwamba wenyeji waliukataa anasema kweli vilevile, na wote wawili hawajatufikisha popote.

Kwa hiyo wapange watu kwa riziki zao. Chukua karatasi, uandike kila kundi linaishi kwa nini, linatumia sehemu gani ya ardhi au maji, katika msimu gani, na kwa haki gani: hatimiliki, leseni, mkataba, au desturi tu. Safu hiyo ya mwisho ndiyo itakayokupa majibu mengi kuliko zote.

Nitaitazama kwa karibu safu moja tu, ya mvuvi mdogo wa Lamu. Vyombo vingi vya wavuvi hawa ni vidogo, madau na mashua zisizo na mashine kubwa. Wakati wa kaskazi bahari hutulia na mvuvi anaweza kutoka nje ya visiwa. Kusi likivuma, maji ya nje huchafuka na chombo kidogo hakithubutu, hivyo uvuvi unarudi ndani, kwenye mikondo iliyokingwa na visiwa na kando ya mikoko, kwa nyavu, mishipi na madema. Ramani ya mradi inaweza kuonyesha kwamba sehemu iliyotengwa kwa gati na maji ya kupozea ni ndogo sana ukilinganisha na bahari nzima ya kaunti, na ramani hiyo isiwe imedanganya. Hata hivyo kwa mvuvi huyu, sehemu hiyo ndogo inaweza kuwa ndiyo bahari yake yote kwa miezi kadhaa ya mwaka. Mtaalamu aliyepima eneo kwa hekta amepima kitu halali, na mvuvi aliyepima kwa misimu amepima kitu halali pia. Wanapokutana barazani huonekana kama wanabishana kuhusu ukweli, ilhali wanabishana kuhusu kipimo.

Usisahau walio kimya. Katika mabaraza mengi ya pwani wanawake hukaa nyuma, au huletewa habari nyumbani baada ya kikao kwisha, ingawa ndio wengi katika kuchakata na kuuza samaki. Jamii ndogo kama Waboni, ambao riziki yao imefungamana na misitu ya bara, hazina sauti kubwa katika siasa za kaunti. Kama kundi halikutajwa katika kumbukumbu za kikao, usichukulie kwamba halikuwa na maoni, nenda ukaulize.

Yavunje madai makubwa mpaka yaweze kukaguliwa

Kila mtazamo una sentensi zake za kupendeza. Kazi yako ni kuzigeuza sentensi hizo kuwa maswali yanayojibika, na kufanya hivyo kwa pande zote kwa ukali uleule.

Chukua dai la wizara na mwekezaji kwamba mtambo ungeleta umeme wa bei nafuu na kuinua viwanda. Si dai la kupuuzwa, kwani bila umeme wa kutosha na wa uhakika viwanda havikui, na serikali iliyoingia madarakani mwaka 2013 ilikuwa imeahidi kuongeza zaidi ya megawati 5,000 katika gridi. Sasa uliza: nafuu kwa nani, na kwa sharti gani? Bei inayotangazwa ya umeme wa makaa huhesabiwa kwa kudhani kwamba mtambo utafanya kazi karibu muda wote. Mwaka 2019 mahitaji ya juu kabisa ya umeme nchini Kenya hayakufika megawati 2,000, na sehemu kubwa ya mahitaji hayo ilikuwa tayari inatoshelezwa na jotoardhi ya Olkaria, yaani umeme wa joto la chini ya ardhi, na vilevile maji na upepo. Mtambo mmoja wa megawati 1,050 ungekuwa zaidi ya nusu ya kilele hicho, na usiku wa manane, mahitaji yanaposhuka, ungelazimika ama kuzimwa kwa kiasi kikubwa au kusukuma pembeni umeme wa jotoardhi ambao ni safi na umekwisha kulipiwa. Mikataba ya ununuzi wa umeme ya aina hii humlipa mwenye mtambo kwa kuwa tayari kuzalisha, hata siku ambazo umeme wake haukununuliwa. Malipo hayo hatimaye huingia kwenye bili ya mteja wa Kisumu na Nyeri ambaye hajawahi kufika Lamu. Ukifika hapo, dai la bei nafuu limegeuka kuwa hesabu, na hesabu inaweza kukaguliwa na mtu yeyote anayepewa takwimu.

Fanya vivyo hivyo kwa wapinzani wa mradi. Wanaposema kwamba samaki wote watakufa, uliza samaki gani, umbali gani kutoka mdomo wa bomba, kwa joto la kiasi gani. Wanaposema utalii utaporomoka, kumbuka kwamba utalii wa Lamu ulikuwa umekwisha kuumizwa na hofu ya usalama kabla ya makaa kutajwa, hivyo anayedai hasara lazima aeleze ni sehemu gani ingetokana na mtambo. Kuna wanaharakati wanaoona kuwa maswali ya aina hii ni usaliti. Mimi naona ndiyo heshima kubwa unayoweza kuwapa, kwa sababu hoja iliyopita katika maswali hayo haitavunjwa na wakili wa upande wa pili.

Dai la ajira linastahili uangalifu wa pekee. Maelfu ya kazi zinazotajwa huwa ni za miaka ya ujenzi. Kazi za kudumu katika mtambo ni chache na nyingi zinahitaji ufundi maalumu. Lakini usimdharau kijana anayeitaka hata ile kazi ya ujenzi. Kwa mtu asiye na chombo wala shamba, kibarua cha miaka mitatu kinaweza kuwa mtaji wa maisha, na mtu wa Nairobi mwenye mshahara hana haki ya kumwambia kwamba anapaswa kuridhika na mandhari ya mikoko. Kama unataka kupinga mradi, jibu lako lazima limfikie kijana huyu, lieleze riziki yake itatoka wapi, na lieleze kwa namna inayoaminika.

Tambua imani iliyo chini ya hoja

Baada ya madai ya ukweli kukaguliwa, utabaki na tofauti ambazo takwimu haziwezi kuzimaliza. Hapo ndipo mitazamo ya kijamii inapoachana kweli, na ni vyema kuitambua bila kumkejeli mtu.

Tume ya Brundtland, iliyoundwa na Umoja wa Mataifa kuhusu mazingira na maendeleo, mwaka 1987 ilieleza maendeleo endelevu kuwa ni yale yanayokidhi mahitaji ya kizazi cha sasa bila kuwanyima wajao uwezo wa kukidhi mahitaji yao. Karibu kila mtu anakubaliana na maelezo hayo, na wote wawili, mwekezaji na mvuvi, wanaweza kuyatumia wakiwa na maana tofauti. Mtazamo wa kwanza unaona kwamba mali ya asili inaweza kugeuzwa kuwa mali nyingine: tukipoteza sehemu ya mikoko lakini tukapata bandari, umeme, shule na watoto waliosoma, kizazi kijacho kitakuwa kimeachiwa urithi usiopungua ule tulioupokea. Wachumi wengi wa serikali hufikiri hivyo hata wasipotamka. Mtazamo wa pili unasema kuna vitu visivyogeuzwa. Lamu ina takriban asilimia 60 ya mikoko yote ya Kenya, na misitu hiyo ndiyo kitalu cha samaki, kinga ya pwani dhidi ya mawimbi, na ghala la boriti zilizojenga miji ya pwani kwa karne nyingi. Hakuna shule wala barabara inayoweza kufanya kazi ya mkoko, kwa hiyo anayeshikilia mtazamo huu hawezi kuridhishwa na orodha ya faida, hata ikiwa ndefu namna gani.

Mtazamo wa tatu hauanzi na mali bali na haki. Hauulizi kama jumla ya faida inazidi jumla ya hasara. Unauliza kama ni halali kumpa mtu mmoja faida na mwingine hasara bila ridhaa yake. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeupa mtazamo huu nguvu ya kisheria, kwa kuwa kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi yenye afya, na kifungu cha 10 kinayataja maendeleo endelevu na ushirikishwaji wa wananchi katika orodha ileile ya maadili ya taifa. Mtazamo wa nne ni wa urithi na mahali: kwamba mji, lugha yake, ufundi wake wa majahazi na bahari yake ni kitu kimoja, na kukata sehemu ni kuua kizima. Wapinzani wa mtazamo huu huuita wa kimapenzi. Siafiki, maana ujuzi wa kusoma mikondo na pepo ni ujuzi wa kazi, unaorithishwa chomboni, na ukikosa mahali pa kufanyiwa hupotea katika kizazi kimoja.

Mtu mmoja anaweza kushika mitazamo miwili. Mkulima wa Kwasasi alitaka fidia, jambo linalofanana na mtazamo wa kwanza, huku akidai kwamba asihamishwe bila kuulizwa, jambo la mtazamo wa tatu. Ukimlazimisha kwenye kisanduku kimoja utakuwa umempoteza.

Kuna pia hoja ya haki kati ya mataifa, ambayo watetezi wa mtambo waliitumia kwa nguvu: nchi tajiri zilijijenga kwa makaa ya mawe kwa zaidi ya karne moja, Kenya inatoa sehemu ndogo mno ya gesijoto za dunia, isiyofika hata asilimia 1, basi kwa nini ikatazwe? Hoja hii ina uzito, na mkataba wa mabadiliko ya tabianchi wa mwaka 1992 wenyewe unakiri kwamba mataifa yana wajibu wa pamoja lakini unaotofautiana. Anayeipuuza hujionyesha kuwa msemaji wa wafadhili wa nje. Ila ichunguze inakoelekea. Inathibitisha kwamba Kenya ina haki ya kuchoma makaa mbele ya Uingereza na Marekani. Haithibitishi kwamba mkazi wa Lamu anapaswa kubeba jivu hilo kwa niaba ya Wakenya wengine, wala haisemi kwamba makaa ndiyo chaguo lenye faida kwa nchi iliyokalia jotoardhi.

Fuata fidia, utaona nani amehesabiwa

Kama una muda wa kufanya hatua moja tu kati ya hizi, fanya hii. Orodha ya fidia ndiyo hati inayoonyesha bila kificho ni hasara ya nani inayotambuliwa kuwa hasara.

Fidia ya ardhi hufuata hatimiliki. Mwenye shamba lililopimwa anahesabiwa kwa ekari, nyumba yake inathaminiwa, miti yake inahesabiwa mmoja mmoja. Mvuvi hana hatimiliki ya mkondo. Mkata boriti ana kibali cha muda, na kibali si mali. Mwanamke anayenunua samaki ufuoni na kuwakaanga kwa ajili ya soko hana hata kibali. Kwa hiyo katika mradi uleule, watu wawili wanaopoteza riziki sawa wanaweza mmoja kulipwa na mwingine kuambiwa kwamba hakupoteza chochote. Ndiyo maana wenye mashamba mara nyingi huwa wepesi zaidi kuunga mkono mradi kuliko wavuvi, na kuueleza mgawanyiko huo kwa kabila au dini, kama wanasiasa wa pwani wanavyopenda kufanya, ni kuwapotosha watu kuhusu chanzo chake.

Lamu ilikuwa na mfano mkononi kabla ya makaa. Ujenzi wa bandari ya LAPSSET, mpango wa kuiunganisha Lamu na Sudan Kusini na Ethiopia kwa bandari na barabara, katika ghuba ya Manda uliwafanya wavuvi waende mahakamani mwaka 2012, na mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba haki zao zilikiukwa, ikiwemo haki ya kupata habari na haki zao za kitamaduni, na ikaagiza wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Uamuzi huo ulikuwa mkubwa kwa sababu uliichukulia desturi ya kuvua mahali fulani kuwa kitu kinachoweza kuvunjwa na kulipiwa. Kushinda na kulipwa, hata hivyo, ni mambo mawili, na baada ya hukumu wavuvi waliendelea kungoja kwa miaka huku gati ya kwanza ikifunguliwa mwezi Mei 2021. Unapochambua mradi wowote, weka tarehe ya kuanza kwa hasara kando ya tarehe ya malipo. Nafasi iliyo kati yake ndiyo gharama ambayo ripoti nyingi hazina safu yake.

Geuza swali hilo pia kwa upande wa ushindi wa wapinzani. Wakulima wa Kwasasi walikaa miaka wakijua kwamba ardhi yao ingechukuliwa, wengine wakisita kupanda mazao ya kudumu au kujenga, kisha mradi ukasimama na fidia ikasimama nayo. Kampeni iliyofaulu kulinda bahari iliwaacha watu hao na hasara isiyo na mlipaji, na sijaona mikakati ya kutosha ya wanamazingira kuhusu jambo hilo.

Soma tarehe za vikao

Watu hudhani kwamba NET iliifuta leseni kwa sababu makaa ya mawe ni machafu. Soma uamuzi, utaona kwamba msingi mkubwa ulikuwa utaratibu. Vikao vya awali na wananchi vilifanyika kabla ya utafiti wa athari kwa mazingira kukamilika, na utafiti ulipokwisha, matokeo yake hayakurudishwa kwa watu ipasavyo ili wayajibu. Kikao kilichofanyika kabla ya ripoti kuwepo hakiwezi kuhesabiwa kuwa kikao cha kuijadili ripoti hiyo. Mahakama iliona pia kwamba Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya mwaka 2016 haikuzingatiwa, na kwamba hatua za kupunguza madhara hazikutosha. Mwezi Oktoba 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Malindi ilitupilia mbali rufaa ya kampuni.

Hivyo ukishika ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira, usianze na sura ya kwanza. Fungua viambatisho, utafute kumbukumbu za vikao na orodha za mahudhurio, kisha uandike tarehe zake kando ya tarehe ya ripoti. Kanuni za mwaka 2003 zilizotumika katika kesi hii zinamtaka mwenye mradi abandike matangazo, atangaze gazetini na redioni, na kufanya angalau mikutano mitatu ya hadhara na watu watakaoathirika. Angalia mikutano ilifanyika wapi: mkutano wa Mokowe haumfikii mtu wa Faza, kisiwani Pate, ambaye nauli ya boti na siku ya kazi vinamshinda. Angalia lugha: ripoti ya mamia ya kurasa za Kiingereza cha kitaalamu, iliyowekwa katika ofisi moja ya kaunti, imechapishwa kisheria lakini haijamfikia mvuvi. Angalia pia maswali yaliyoulizwa na kama yamejibiwa. Mara nyingi utakuta swali zuri la mzee mmoja limeandikwa vizuri kabisa, na mbele yake jibu ni kwamba maoni yamepokelewa.

Ijaribu njia yako kwenye mradi unaoupenda

Mchambuzi anayetumia maswali haya kwa makaa pekee hajachambua, amechagua upande. Peleka maswali yaleyale kwenye umeme safi. Mradi wa upepo wa Kinangop ulisimamishwa mwaka 2016 baada ya upinzani wa wakulima juu ya ardhi. Mitambo 365 ya upepo karibu na ziwa Turkana inazalisha hadi megawati 310 bila moshi hata kidogo, lakini mwezi Oktoba 2021 mahakama mjini Meru iliamua kwamba hatimiliki za ardhi hiyo ya wafugaji zilipatikana kinyume cha utaratibu wa sheria. Mfugaji aliyenyimwa malisho kwa ajili ya upepo ana swali lilelile la mvuvi aliyenyimwa mkondo kwa ajili ya makaa, na usafi wa umeme haujibu swali lake.

Kuandika maoni yako

Maoni yanayosikilizwa ni mafupi na yanataja kurasa. Andika wewe ni nani na unatumia sehemu gani ya eneo la mradi, katika misimu gani. Kisha taja ukurasa wa ripoti unaoupinga au kuuunga mkono, useme kilichoandikwa, useme wewe unajua nini, na uombe jambo moja mahususi: utafiti wa samaki katika msimu wa kusi, orodha ya fidia iwahusu wasio na hatimiliki, au kikao kingine baada ya ripoti kutafsiriwa kwa Kiswahili. Kama kikundi chenu hakikubaliani, usilifiche jambo hilo. Andikeni misimamo yote miwili na sababu zake, kwa kuwa umoja wa kubuni huvunjwa kwa swali moja la upande wa pili. Mtu asiyeandika anaweza kurekodiwa, na mwenzake akaandika kwa maneno yake bila kuyapamba.

Peleka kabla ya muda wa mwisho uliotajwa katika tangazo la NEMA, ambao mara nyingi ni siku 30, na udai nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, kwa sababu bila muhuri huo ni vigumu baadaye kuonyesha kwamba ulisema. Leseni ikitolewa na hukuridhika, rufaa kwa NET hufunguliwa ndani ya siku 60 tangu uamuzi. Na leseni ikibaki kuwa halali, omba nakala ya masharti yake katika ofisi ya NEMA ya kaunti, uyasome pamoja na watu wa ufuo wako, mkubaliane nani atafuatilia sharti lipi: nani atapima maji, nani atahifadhi picha za ufuo kila msimu, nani atahudhuria wakati wa ukaguzi wa kila mwaka.